Nimpandishe mama meli ya Mto Rhine, au nimwache apumzike?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mzaliwa wa Tanga, naishi Köln nchini Ujerumani mwaka wa kumi na tatu sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama yangu ana miaka 76 na anaishi Tanga kwa kaka yangu. Mwezi Mei, Mungu akipenda, atakuja kukaa nami miezi miwili. Viza tumeshaipata.

Baba alifariki miaka minne iliyopita na sikuwahi kumzika. Kibali changu cha kuishi huku kilikuwa kimekwisha muda, nasubiri kipya, na niliambiwa nikitoka huenda nisirudi. Maziko niliyasikiliza kwenye simu, nimekaa kwenye ngazi za kazini na sare yangu mwilini. Tangu siku ile naweka akiba ya mama peke yake. Kila ninapovuka daraja kwenda kazini naziona zile meli ndefu nyeupe zimefungwa gatini, wazee wa Kizungu wamekaa juu wamejifunika blanketi wanatazama mto. Nikasema moyoni, siku moja mama yangu naye atakaa pale. Nimepata safari ya usiku saba, Amsterdam hadi Basel.

Lakini mama ana magoti. Anatembea na bakora, na akitembea robo saa anatafuta pa kukaa. Ana presha, anameza dawa kila siku. Usiku huamka mara mbili au tatu kwenda msalani. Hali nyama asiyoijua imechinjwa na nani, na sala haimpiti. Kubwa zaidi, tulipoteza jamaa kwenye meli iliyozama kati ya Unguja na Pemba mwaka 2011, na tangu hapo mama hajapanda hata boti ya kwenda Unguja.

Kaka anasema pesa hiyo imalizie paa la nyumba ya mama. Aliniambia, "Mama haji huko kutalii, anakuja kukuona wewe." Nilikasirika, tukagombana, hatujazungumza wiki mbili. Nilipomuuliza mama mwenyewe, alinijibu, "Ukiona inafaa, mwanangu." Mimi nilichukua kwamba amekubali. Sasa wakala anataka malipo ya kwanza kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipe au niache?

Binti Ngamiani, Köln

---

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa baba yako. Kumzika mzazi kwa simu ni msiba juu ya msiba.

Naanza na jibu la mama, maana hapo ndipo uliposikia ulichotaka kusikia. "Ukiona inafaa" kwa mama wa Tanga mwenye miaka 76 si kukubali. Wazee wetu hawamrudishii mtoto zawadi usoni. Mama akitaka kitu anauliza: tutalala wapi, tutakula nini, nani mwingine anakwenda? Asipotaka, au akiogopa, anakurudishia uamuzi mkononi mwako, ili usivunjike moyo. Najua kwa sababu nilijibiwa maneno karibu yale yale. Miaka hiyo nikiishi Vienna, mama yangu alikuja kunitembelea akiwa na miaka 78, nami nikamkatia tiketi ya Mto Danube, kutoka Passau hadi Budapest. Siku mbili za mwanzo alikuwa kimya, mimi nikidhani amestaajabu. Siku ya tatu, pale Dürnstein, akapatwa na kizunguzungu barabarani. Kumbe alikuwa hanywi maji tangu asubuhi, anaogopa kuhitaji choo katikati ya matembezi, mbele ya watu wasiojua lugha yake. Hakuniambia kwa sababu nilikuwa na furaha.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, muulize upya, na usiulize "tutakwenda?" Muulize mambo madogo. Mtumie video ya chumba na ya choo chake. Mwambie, "Mama, watu wakishuka kwenda kuona mji, wewe ungependa kushuka au kubaki umekaa na mimi?" Na kama ana mdogo wake wa kike au shoga yake wa zamani anayemwamini, mpigie huyo kwanza. Mama yako atamwambia shoga yake jambo ambalo wewe hatakwambia mpaka kaburini.

Sasa hofu ya meli. Usimwambie "hakuna cha kuogopa", maana jamaa zenu walikufa. Mwonyeshe tofauti. Mto Rhine si mkondo wa Nungwi. Hauna mawimbi ya kutapisha watu, kingo zote mbili unaziona wakati wote, na pale Kaub, sehemu inayowatia mabaharia wasiwasi zaidi, njia ya meli maji yakipungua hutunzwa kwa kina cha mita 1.90 tu. Sitakuficha kwamba ajali hutokea hata mitoni: Mei 2019 pale Budapest meli kubwa ya abiria iliigonga boti ndogo ya watalii usiku, na watu wengi wa ile boti ndogo walikufa. Hata hivyo abiria wa meli hizi wanahesabiwa, kila mmoja ana kitanda chake, hakuna anayejazwa juu ya mwenzake. Kwa mtu aliyeona ya 2011, hilo ndilo la kumwambia kwanza.

Na usimjaribu kwa usiku saba. Akishafika, mwache alale na kuzunguka nyumbani kwako siku kumi hivi, miguu iliyovimba kwenye ndege ipungue. Kisha mchukue siku moja kwa meli ya mchana inayotoka hapo hapo Köln kupanda mto kuelekea Bonn na Königswinter. Mkae, mnywe chai, mrudi kwa treni kama amechoka. Saa tatu za maji zitakufundisha zaidi ya barua yangu hii. Akishuka anacheka, endeleeni. Akishuka ameshika mkono wako kwa nguvu na hasemi kitu, umeshapata jibu, na umetumia nauli ndogo tu.

Akipenda, bado mimi nisingechukua Amsterdam hadi Basel. Fikiria mwenyewe: mnatoka Köln kwa treni na mizigo mpaka Amsterdam, halafu meli inawarudisha Köln, mji anaolala kila siku! Kisha kuanzia mji mdogo wa Iffezheim kwenda juu, mto umezibwa kwa mabwawa. Hadi Basel yapo malango kumi ambamo meli huingizwa ndani ya sanduku la zege, maji yakajazwa, meli ikapanda kama lifti. Mchana ni ajabu ya kutazama. Usiku meli husugua ukuta ikapiga kishindo, na mama yako, anayeamka mara tatu tayari, hatalala tena. Kutoka Iffezheim kushuka hadi Köln hakuna lango hata moja. Zipo safari fupi za usiku tatu au nne zinazoanzia Köln, zikapanda hadi Koblenz na Rüdesheim na kurudi. Mnatoka nyumbani kwako kwa teksi mnaingia melini, na ile sehemu ya mto inayosifiwa kuliko zote mnaipata yote: bonde la kilomita 65 hivi kati ya Koblenz na Bingen, lililowekwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2002, ngome za kale zimekaa juu ya kila kilima. Meli hupita pale mchana, na ikipanda mto huenda polepole kwa sababu inapigana na mkondo. Huko ndiko kuzuri kwa mtu aliyekaa. Msimulie kisa cha jabali la Loreley, yule mwanamke aliyekuwa akichana nywele zake juu na kuwapoteza mabaharia. Hatakushangaa, kwetu Pwani visa vya namna hiyo tumelelewa navyo.

Koblenz inamfaa. Pale Mto Mosel unapoungana na Rhine kuna gari la kamba linalovuka mto mpaka ngome ya Ehrenbreitstein, unaingia bila kupanda ngazi, unakaa, unaona mito miwili kwa chini. Rüdesheim ni mji wa vichochoro vya mawe ya kupanga, magoti yake yatalia. Asishuke huko. Shuka wewe nusu saa kama unataka, yeye abaki na tasbihi yake dirishani.

Chumba ndicho nitakachokaa nacho kidogo, maana hapo ndipo wakala anapokuuzia bei nafuu ukaja kulia. Chumba cha sitaha ya chini kabisa kina dirisha dogo la juu lisilofunguka, na mara nyingi lifti haifiki huko. Lifti ya meli nyingi za mto huenda kati ya sitaha mbili za kati tu, na sitaha ya wazi ya juu, pale ulipowaona wale wazee na blanketi, hupandwa kwa ngazi. Kwa hiyo ile picha uliyoibeba miaka yote darajani huenda mama asiifikie kwa magoti yake. Chukua chumba cha sitaha ya kati chenye mlango wa kioo unaofunguka, karibu na lifti, mbali na nyuma ya meli ambako injini hutetemesha kitanda. Atautazama mto akiwa na kanga yake, miguu juu ya kiti, bila mtu kumtazama. Vitanda viwe viwili vilivyotengana, cha mama kiwe upande wa choo, na taa ndogo iwake usiku kucha. Uliza kama bafu lina kizingiti cha kuruka.

Uliza pia, na upate jibu kwa maandishi, kama mnaweza kufika ukumbi wa chakula bila ngazi, na meli huwa inafungwa namna gani gatini. Miji inapojaa, meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili au tatu, na ili ufike nchi kavu unapita ndani ya meli za wenzako, mara nyingine unapanda hadi sitaha ya juu ya hii na kushuka upande wa pili wa ile. Na daraja la kupandia meli huwa tambarare leo, kesho likawa mwinuko, kutegemea maji. Kampuni kadhaa zinataka kila abiria aweze kulipanda kwa miguu yake. Sema ukweli kuhusu bakora na magoti tangu mwanzo. Kuficha kutakuaibisheni siku ya safari.

Mwezi umeuchagua vizuri. Maji ya Rhine huadimika zaidi kuelekea mwisho wa kiangazi na vuli. Oktoba 2018 kipimo cha maji cha Kaub, ambacho si kina chote cha mto, kilishuka hadi sentimita 25, na maji yakiwa machache kiasi hicho safari hukatwa, abiria wakasafirishwa kwa mabasi. Basi ndilo jambo ambalo mama yako haliwezi kabisa. Hata Mei mvua na theluji inayoyeyuka vinaweza kuujaza mto, meli ikashindwa kupita chini ya madaraja. Uliza: meli isipoweza kwenda, mnaruhusiwa kughairi na kurudishiwa pesa, au mtawekwa ndani ya basi?

Kuhusu viza mko salama, kwa kuwa Rhine yote mnayoitaka iko ndani ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja. Siku nyingine mkitamani Danube hadi Belgrade, angalia viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana Serbia iko nje.

Maji na choo. Mwambie waziwazi kwamba anywe, na kwamba kila mahali mtakapoketi utakuwa umeshajua choo kiko wapi. Kama moja ya dawa zake za presha ni ya kukojoza, daktari wake aulizwe ni saa ngapi aimeze siku za matembezi. Msipange wenyewe. Dawa zote zikae mkobani, za siku nyingi kuliko safari, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza. Meli nyingi za mto hazina daktari, ila miji iko karibu na namba ya dharura ni 112. Halafu weka kopo la msalani kwenye sanduku. Usidhani ni jambo dogo. Mama yangu alibeba lake, akasema lile kopo ndilo lililomfanya ajihisi mtu.

Chakula, waandikie mapema: hakuna nguruwe, hakuna pombe kwenye mchuzi, apewe samaki na mboga, na supu waseme imechemshwa na mifupa ya nini. Mikate, mayai na matunda havikosekani asubuhi. Beba viungo vya chai na tende, kisha waombe maji ya moto kwenye chupa ya chai. Birika la umeme vyumbani mara nyingi wanalikataza.

Sala itahitaji mazungumzo kabla. Kwetu neno kibla ndilo kaskazini, hatuhitaji dira. Huko kibla iko kusini mashariki, na meli inapinda na mto. Jua la Köln mwishoni mwa Mei huzama baada ya saa tatu usiku, na isha huchelewa mno kwa mtu wa Tanga aliyezoea kulala mapema. Sisi wengi wa Pwani ni Mashafi, na msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Mwache amuulize sheikh wake mwenyewe huko Tanga kabla hajaondoka, pamoja na habari ya kusali kwenye kiti. Akilisikia kwa sheikh wake atatulia. Akilisikia kwako ataona unamlegezea dini kwa ajili ya starehe.

Sasa kaka yako. Mpigie leo, na wewe ndiye uanze. Yeye ndiye anayemsikia mama akikohoa usiku, ndiye anayempeleka kliniki. Mtu huyo anapokutajia paa, huenda hasemi paa. Huenda anajiuliza, mama akifia majini Ulaya nitawajibu nini watu? Msomee bima. Ile ya viza ya Schengen lazima igharamie angalau yuro 30,000 za matibabu ya dharura, pamoja na kumrudisha nyumbani, hata akifariki. Angalia masharti yake kuhusu presha aliyonayo tangu zamani, na kama yana upungufu ongeza bima nyingine. Na kwa kuwa usiku nne ni zaidi kidogo tu ya nusu ya saba, kitakachobaki mpelekee afanyie paa. Asione kama umeshindwa. Mwambie ni sehemu ya mama.

Kwa hiyo usilipe mwisho wa mwezi huu. Wakala anayekuharakisha kwa mgonjwa wa magoti mwenye miaka 76 atampata mteja mwingine, na wewe utapata meli nyingine.

Lipo moja nimelisita, lakini nitalisema. Kazini kwako unawashika wazee kila siku, unawavisha, unawahesabia vidonge. Mikono yako imezoea. Melini usimshike mama hivyo. Akitaka kufunga kilemba chake mwenyewe kwa dakika kumi, na watu wanasubiri, wasubiri. Halafu ile habari ya baba: usipange siku ya kuizungumza. Mkiwa mmekaa pale mlangoni, mto unapita, ataianzisha yeye, au hataianzisha. Akianza, mwache akusimulie maziko yote, nani alikuja, nani aliosha, mvua ilinyesha au haikunyesha. Wewe ulisikia sauti tu. Yeye aliona.

Na viatu. Mnunulie vya kufunga kisigino, vyenye soli isiyoteleza, na vimfikie Tanga mapema, avivae nyumbani wiki tatu kabla ya kuja. Ndara aziache kwa kaka yako.